Hapana Yangu Langoni pa Kamuraga

Siku niliyochaguliwa kuwa kapteni nilikuwa na mwiko mkononi. Ilikuwa adhuhuri ya kawaida kwenye machimbo ya mawe ya Kamuraga, ugali haujaiva, na ndengu zilikuwa zimeanza kushika chini ya sufuria kwa sababu nilikuwa nasikiliza maneno ya watu badala ya kukoroga. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mawe waliyochonga asubuhi, wanapiga kura kwa kuinua mikono. Waliposema Mama Kinya, yaani mimi, nilidhani ni utani. Nikawauliza, "Mpishi akiwa kapteni, nyinyi mtakula nini?" Ireri akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye tindo yake, "Kapteni atapika." Wakacheka, mikono ikahesabiwa, nikawa kapteni. Kapteni mwenzangu alikuwa huyo huyo Ireri.

Lazima nieleze habari hii ya makapteni, maana akina mama ninaouza nao nafaka soko la Gakoromone wakisikia neno hilo hufikiri nilikuwa jeshini. Machimbo yetu yalianzishwa na Bruda Aldo, mzungu wa misheni, fundi wa mawe. Ukimwita Mtaliano alikuwa anaweka nyundo chini. "Mimi si Mtaliano. Mimi ni mtu wa San Marino." Nchi yake, alisema, ni jamhuri iliyokaa juu ya mlima mmoja, Italia imeizunguka pande zote, na ni ndogo kiasi kwamba mtu akiamka mapema anaivuka kwa miguu na kurudi kunywa chai ya saa kumi. Ireri akamwambia, "Bruda, hiyo si nchi, hiyo ni lokesheni ya chifu mmoja." Bruda hakukasirika. Alisema lokesheni hiyo haijawahi kuwa na mfalme tangu fundi mmoja wa mawe, mtu mtakatifu, alipopanda mlima ule akiwakimbia watesi wake, zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Nchi ikachukua jina la fundi huyo. Mafundi wetu walipenda sana kusikia kwamba kuna nchi iliyozaliwa na mtu wa kazi yao.

Kule hawana rais. Wana makapteni wawili wanaokaa kitini miezi sita, kisha wanashuka na wengine wanapanda, kila Aprili na kila Oktoba. Hakuna aliye juu ya mwenzake. Neno lisipokubaliwa na wote wawili halipiti; mmoja akisema hapana, limekufa. Tuliambiwa hayo wakati ambapo kwetu picha ya mtu mmoja ilikuwa inaning'inia katika kila duka. Mafundi waliangaliana, kisha wakaangalia kama mtu wa chifu yuko karibu. Ndivyo chama chetu cha mawe kilivyopata makapteni wawili, mmoja kutoka kwa watu wa juu na mmoja kutoka kwa watu wa chini.

Watu wa juu ni sisi wa migomba, kahawa na baridi ya asubuhi. Watu wa chini ni wa mtama, mbuzi na mizinga ya nyuki, kwenye nyanda kavu zinazoshuka kuelekea Embu. Kamuraga iko katikati, kwenye mteremko. Mimi nilizaliwa juu. Ireri alizaliwa chini, mtu mrefu mwenye maneno machache, na mke wake Wawira alinisaidia jikoni siku za kazi nyingi. Mume wangu alikuwa ameshakufa. Nilikuwa na binti yangu Kinya, wa miaka tisa, na kaka yangu mdogo Murithi aliyeishi huko juu na mke wake.

Bruda alikuwa na hadithi mbili za vita alizozirudia mpaka tukazijua. Ya kwanza aliiona mwenyewe akiwa mtoto. Vita vikubwa vya wazungu vilipopanda kuelekea mlima wao, watu wa mabondeni walikimbilia kwao kwa maelfu, wageni wakawa wengi kuliko wenyeji mara nyingi. Walilala kwenye mahandaki ya reli. Wenyeji walichora misalaba mikubwa myeupe chini ili ndege zijue hapo hakuna jeshi. Ndege za Waingereza zikaja zikapiga mabomu hata hivyo. Ireri alitikisa kichwa, akasema, "Waingereza. Kumbe hata nyinyi waliwafikia." Mzee wake alikuwa amelala miaka miwili kwenye kijiji cha senyenge cha Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, kwa hiyo hakuhitaji maelezo zaidi.

Ya pili ilikuwa ya zamani zaidi. Jemadari mmoja mkubwa alifika mpakani mwao na jeshi lililoshindwa, majeshi mengine yakimfuata nyuma. Makapteni wakamwambia: weka silaha chini hapo ulipo, uingie, utapata mkate na mahali pa kulala. Akaweka. Wale waliomfuata wakakosa sababu ya kuvunja lango. Bruda alikuwa anamaliza hivi: "Mwenye silaha analeta vita ndani. Asiye nayo ni mgeni." Sisi tuliitikia tu, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika.

Bruda aliugua, akarudishwa kwao mwaka mmoja kabla ya haya yote. Alituachia handaki alilokuwa anachimba kwenye mwamba kutafuta maji. Mwamba ulimshinda, akaishia hatua kama mia mbili ndani, lakini maji kidogo yalikuwa yanatiririka pale mwisho. Kwa kuwa zamani baruti iliwekwa humo, mlangoni kulikuwa na lango la vyuma lenye makufuli mawili. Kila kapteni alikuwa na ufunguo wake mmoja. Lango halikufunguka mpaka wawili tukubaliane.

Shida ilianza na vigingi. Wapimaji wa ardhi walishuka na minyororo yao wakati uchaguzi unakaribia, na mpaka ambao siku zote ulikaa vinywani mwa wazee ukataka kukaa kwenye karatasi. Wanasiasa wa juu walisema jambo moja, wa chini wakasema lingine. Kigingi kikipigwa mchana, asubuhi kimeng'olewa. Mchunga mbuzi mmoja akakutwa amekatwa. Wiki hiyo hiyo nyumba tatu zikaungua juu. Sisi machimboni tuliendelea kuchonga na kuambiana kwamba ni kelele za kura, zitapita.

Siku ya soko niliteremka kununua chumvi. Mzee mmoja wa baiskeli akanipita, akaniambia niharakishe, vitu vitakwisha. Hatua chache mbele akaanguka. Nilidhani amegonga jiwe. Nilipomfikia nikaona mshale umeingia chini ya sikio. Sumu ya mishale ya huko haichelewi. Alijaribu kuniambia kitu, mdomo ukajaa povu, miguu ikapiga chini, akatulia. Nilikuwa bado nimemshika mkono niliposikia soko linapiga mayowe.

Watu walikuwa wanakimbia kila upande. Duka la mwanzo lilikuwa linawaka. Vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama barabarani, na wao walikuwa wa kwetu, wa juu.

Mmoja alinisimamisha. Aliniuliza natoka wapi.

Nikamjibu kwa Kimeru cha nyumbani. Akanipisha.

Nyuma yangu alikuwa mama muuza mboga ninayemjua kwa sura. Naye aliulizwa. Naye alijibu, kwa lugha ya chini.

Sikugeuka. Nilisikia panga, nikasikia mara ya pili, na niliendelea kutembea. Niliona aibu wakati ule ule, na bado naiona.

Nilimkuta Ireri mbele ya handaki. Kufuli lake lilikuwa limeshafunguliwa, ananingoja mimi na ufunguo wangu. Wawira alikuwa pale na watoto wao, na Kinya amemshika sketi. Watu walikuwa wanapanda kutoka chini na wengine wanateremka kutoka juu, wote wanakimbilia machimbo kwa sababu ndipo palipokuwa na mwamba wa kujificha. Wakikutana wanasimama. Wanaangaliana mikononi.

Ireri akapanda juu ya jiwe. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo siku nyingine yoyote. "Hapa si juu, na hapa si chini. Hapa ni San Marino. Ukitaka kuingia, tupa silaha kwenye shimo la maji. Usipotaka, endelea na safari yako." Mwanamke mmoja mwenye damu begani akauliza San Marino ni wapi. Ireri akamwonyesha lango. Kuna watu waliocheka, Mungu ni shahidi wangu, na nyumba zao zinaungua nyuma yao.

Walitupa. Mapanga, pinde, rungu, hata kisu cha kumenyea viazi. Shimo lile la kuchimbia mawe lilikuwa na maji ya mvua yenye kina, na kitu kikiingia hakitoki. Kufikia kesho yake asubuhi tulikuwa zaidi ya mia mbili handakini, tumekaa mgongo kwa mgongo.

Kikosi cha chini kilikuja kwanza, vijana kama thelathini na mishale. Waliona akina mama zao ndani. Waliona pia watu wa juu, na wakataka tuwatoe hao. Ireri aliongea nao kupitia vyuma, akawaonyesha shimo, akawaambia ndani hakuna wembe. Wakazunguka kidogo, wakaondoka. Saa chache baadaye kikosi cha juu kikaja kwa maneno yale yale, na mimi ndiye niliyeongea. Wakachungulia, wakaona watu wao, wakaondoka. Nilimwambia Ireri, "Kumbe mzungu hakudanganya." Akasema tungoje wiki iishe kwanza ndipo tumsifu.

Siku hiyo hiyo mchana alikuja Murithi, kaka yangu.

Alikuja peke yake, shati limeungua mgongoni, simi yake, ule upanga mfupi, mkononi. Mke wake alikuwa ameteketea ndani ya nyumba. Alikuwa amejaribu kuingia mara mbili, na mikono ilikuwa imechunika. Nilimwambia atupe simi shimoni. Hakunisikia. Alikuwa ameikamata tu, na machozi hayatoki. Nikamwangalia Ireri. Nilimwomba kwa macho, na yeye aliona. Ireri akasema, "Ni damu yako, na amefiwa. Aingie nayo, ataitoa akitulia." Mimi sikubisha. Niligeuza ufunguo wangu upesi kabla hajabadilisha mawazo.

Hakutulia. Kesho yake asubuhi watu walikuwa kwenye foleni ya maji kule mwisho wa handaki. Mzee Ngari, mchunga mbuzi wa chini, mtu wa kikohozi na utani, alikuwa mbele ya Murithi. Walionisimulia wanasema mzee hakufanya lolote. Aligeuka tu kumpa kaka yangu kikombe.

Murithi alimkata shingoni, halafu begani.

Kelele zilijaa mle ndani. Watu wa chini walimrukia. Watu wa juu wakawarukia wao. Watoto walikanyagwa. Mtu alishika jiwe, kila mtu akashika jiwe, na kwenye machimbo mawe hayaishi.

Ireri akaingia katikati na mikono yote miwili juu. Jiwe lilimpasua nyusi. Hakushusha mikono. Alikuwa anarudia neno moja, "Kaeni. Kaeni. Kaeni," mpaka watu walio karibu naye wakakaa, na walio nyuma yao wakakaa.

Tulimfunga Murithi kwa kamba ya kubebea mawe. Simi ikatupwa shimoni. Mzee Ngari tulimzika nje karibu na ukuta, harakaharaka, bila sanduku. Nilikuwa nachimba na kulia, nikamwambia Ireri kosa ni langu. Akasema, "Ni letu wawili. Mimi ndiye nilisema aingie." Nikamwambia mbele ya Wawira na watu wote waliokuwa pale kwamba haitaingia tena hata sindano. Ireri akaitikia.

Sasa nifike pale ambapo huwa sipendi kufika. Ilikuwa kama saa tisa alasiri, siku iliyofuata, jua kali.

Mtu alitokea upande wa miti ya michongoma, anakimbia kwa kuchechemea. Alikuwa na upinde na podo la mishale mgongoni. Ireri alimtambua kabla sijaona uso. "Huyo ni Kanyaru," akasema. "Gichiaro wangu."

Kwa asiyejua: gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya koo mbili, kiapo walichokula mababu. Si rafiki, ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Akija, unamfungulia. Akiomba, unampa, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho. Humpekui, humdanganyi, humwagi damu yake wala huiachi imwagike. Ukimnyima, laana haikufuati wewe peke yako, inafuata na watoto wako. Watu wenye digrii na magari wanaogopa gichiaro mpaka leo. Ukoo wa Kanyaru, warina asali wa ng'ambo ya mto, na ukoo wa Ireri ulikuwa na kiapo hicho.

Kanyaru akafika, akashika vyuma. Alikuwa na jeraha la panga pajani.

"Ireri. Fungua."

Ireri akamwambia, "Tupa upinde shimoni kwanza."

"Upinde siachi." Alikuwa anahema. "Kule kanisani tulikojificha walituambia tuweke silaha chini. Tukaweka. Nimetoka hai peke yangu, nikaunyakua tena."

Nilitazama nyuma yake. Watu walikuwa wanateremka kwenye michongoma, wa juu, kumi na kitu, hawakimbii. Walijua hana pa kwenda.

Mmoja wao akapaza sauti kwamba huyo mtu amewaua wawili wao asubuhi.

Ndani watu walisikia. Watu wa juu waliokuwa kando yangu wakaanza kunung'unika. Mama mmoja aliuliza waliouawa ni kina nani, kwa maana wanawe walikuwa huko nje. Nilihisi kitu kile kile cha foleni ya maji kinaanza tena.

Ireri alikuwa ameshaingiza ufunguo wake. Kufuli lake likafunguka. Akanigeukia.

"Mama Kinya. Fungua lako."

"Atupe upinde."

"Gichiaro havuliwi silaha. Unajua."

"Najua. Na unajua tulivyosema jana."

"Ndugu yako tulimwingiza."

"Ndiyo sababu nakataa," nikasema.

Hiyo ndiyo hapana yangu. Sikupiga kelele. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwa kamba, na nilikuwa nimeufumbata. Kinya alikuwa nyuma yangu, ameshika kanga yangu. Nilifikiria kwamba Kanyaru akiingia na mishale, wale wanaokuja hawatakuwa na sababu ya kuheshimu lango, na ndani hatutakuwa na sababu ya kukaa. Nilifikiria vizuri. Hata leo nikifikiria tena nafika pale pale, na hilo halinisaidii chochote.

Ireri angeweza kuninyang'anya. Alikuwa na mikono ya kuinua jiwe ambalo wanaume wawili wanaliacha. Hakunyosha mkono. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kazi ya mchana, "Mimi siwezi kumnyima. Na wewe siwezi kukupinga. Basi shika huu."

Akafunga tena kufuli lake. Akavua ufunguo wake, akaniwekea mkononi.

Juu ya lango kulikuwa na mwanya kati ya vyuma na mwamba. Akapanda. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, akapanda vibaya, suruali ikashika chuma ikachanika. Wawira alikuja mbio kutoka ndani, akamshika mguu. Ireri akasema, "Achilia, Mama." Hakuachilia. Kiatu kikabaki mkononi mwake.

Kanyaru alimpokea upande wa pili, akamsaidia kushuka.

Ireri hakuwa na kitu mkononi. Alisimama mbele ya gichiaro wake, akaanza kuwaita wale vijana kwa majina. Aliwajua. Mmoja, Ireri ndiye aliyejenga nyumba ya baba yake. Alimwambia, "Wewe wa Kaimenyi, mawe ya msingi wenu nimeyachonga mimi."

Kijana yule alisimama. Ninaapa alisimama.

Aliyekuwa kando yake hakusimama.

Kanyaru alipiga mshale, ukampata mtu tumboni. Alipiga wa pili. Wa tatu hakuwahi.

Ireri walimkata mikono kwanza, kwa sababu alikuwa ameiinua.

Nilitazama. Nilijiambia kwamba kama nimeweza kusema, basi niweze na kutazama. Nilimziba Kinya macho kwa mkono mmoja, mwingine umeshika funguo mbili. Wawira alikuwa amekaa chini kando yangu, hakulia hata kidogo, alikuwa anapiga kichwa taratibu kwenye chuma.

Mkubwa wao alikuja mpaka langoni. Simi yake ilikuwa inadondosha damu. Akaniuliza kwa Kimeru, kwa heshima, kama mtu anayemwuliza dada yake njia, "Kuna mwingine mwenye silaha humo?"

"Hapana."

"Sawa. Tunakuamini." Wakamchukua mtu wao aliyepigwa mshale, wakapanda mlima.

Tuliwazika Ireri na Kanyaru kaburi moja. Wawira ndiye aliyetaka hivyo. Siku mbili baadaye malori ya serikali yalifika, askari wakashangaa kukuta watu wa pande zote mbili handakini wako hai. Ofisa mmoja aliniuliza nani alikuwa kiongozi hapa. Nikamjibu kwamba tulikuwa wawili.

Vita vile havikuisha kwa kengele. Vilipungua, kama mvua inavyopungua. Vigingi havikupigwa tena mwaka ule wala uliofuata. Murithi alishtakiwa, akakaa ndani miaka, akatoka. Sasa yuko Nchiru, anajenga hosteli za wanafunzi, na ni mzee wa kanisa. Tukikutana tunaongea habari za mvua na bei ya simenti. Nampenda, na kuna siku siwezi kumtazama mikono.

Oktoba ilipofika mafundi waliobaki walikutana machimboni kwa mara ya mwisho. Muda wangu wa ukapteni ulikuwa umeisha. Mzee mmoja akakumbusha jambo ambalo hatukuwahi kulifanya, kwa sababu makapteni wetu wa nyuma walikuwa wanagombana juu ya sufuria na tindo tu. Bruda alisema kule kwao kapteni akishuka kitini anakaa siku chache akingoja, na raia yeyote, hata maskini wa mwisho, anaweza kuja kumshtaki kwa aliyoyafanya akiwa na mamlaka. Mafundi walitaka kuruka hilo. Walisema mimi nimeokoa watu. Nikawaambia nitakaa.

Nilikaa siku mbili juu ya jiwe, hakuna aliyekuja isipokuwa watu wa kunishukuru. Mmoja aliniletea kuku. Siku ya tatu Wawira alikuja, amevaa nguo ya kanisani. Mafundi wakampisha.

Akasema, "Ndugu yako aliingia na simi."

"Ndiyo."

"Kanyaru hakuingia na upinde."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sheria haikuwapo kwa mtu wako. Ilianza kwa mume wangu."

Nilijitetea. Sikuwa nimepanga, lakini mdomo ulifunguka wenyewe. Nikamwambia wangevunja lango, tungekufa wote, na yeye, na watoto wake.

"Najua," akasema. "Watoto wangu wanakula ugali wa asubuhi, na najua ni kwa sababu gani. Sikuja kusema ulikosea."

"Basi unataka nini, Wawira?"

Alifikiri. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mama Kinya. Kwa ndugu yako uliuona mchungu. Nataka usikae tena mahali ambapo neno lako linaweza kumfungia mtu mlango. Pahali popote. Mpaka ufe."

Fundi mmoja akainuka kunitetea. Nikamwambia akae chini, aandike kama alivyosema mama. Akaandika kwenye daftari la chama, nikaweka kidole gumba, Wawira akaweka chake chini ya changu. Kisha akaenda kuteka maji, kwa sababu watoto walikuwa wanamngoja.

Nilihama Kamuraga mwaka huo. Nimekodi chumba mtaa wa Majengo miaka mingi sasa, Kinya ameolewa, na mimi nauza ndengu na mtama. Mara tatu akina mama wa soko wamenichagua mwenyekiti, mara tatu nimekataa. Kwenye kikundi cha kanisa nimekataa hata uweka hazina. Mwaka jana mchungaji alinitaja mbele ya watu wote kama mfano wa unyenyekevu, mama asiyependa cheo, na wakanipigia makofi. Nilikaa kwenye benchi la tatu, nikanyamaza, nikaendelea kutumikia kifungo changu.